Soma udongo kabla ya kusoma bei ya kiatu

Anayeingia dukani Nairobi, Arusha au Kampala kutafuta viatu vya kukimbilia njia za porini huulizwa mambo matatu: saizi, rangi, na fedha alizonazo. Akibahatika kumpata muuzaji mwenye bidii, ataelezwa pia habari za sponji nene na sifa za kampuni. Swali lililopaswa kutangulia yote hayo huwa halitokei: utakimbia juu ya ardhi gani, na katika msimu gani? Hoja yangu ni kwamba swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, na kwamba ukilijibu kwa makini utaona wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki wanauziwa kiatu kisicho chao. Wanauziwa meno marefu ambayo udongo wao hauyahitaji, na kinga ya maji ambayo katika mvua zetu hugeuka kuwa mtego wa maji.

Viatu hivi vina kwao. Kampuni ya Inov-8 ilianzishwa mwaka 2003 kaskazini mwa Uingereza na Wayne Edy, mzaliwa wa Zimbabwe, ikajipatia jina kwenye mbio za vilima vya huko, ambako mkimbiaji hukatiza majani yaliyolowa, vinamasi na tope karibu mwaka mzima. Kiatu chake kilichoitwa Mudclaw kilikuwa na meno ya milimita 8, na kwa vilima vile meno hayo hayakuwa marefu mno. Hoka iliasisiwa mwaka 2009 na Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, waliotaka kiatu cha kuteremkia milima ya Alps kwa kasi. Ndipo likaja sponji nene ambalo leo limeigwa na kila mtu. Salomon nayo ilianzia Annecy, mji wa milima ya Ufaransa, mwaka 1947, ikitengeneza vifaa vya kuteleza kwenye theluji muda mrefu kabla ya kufikiria viatu vya kukimbilia. Wote hao walishona kwa ajili ya ardhi waliyoikanyaga wenyewe, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Tatizo linaanza pale kiatu kinapovuka bahari huku maelezo ya ardhi yake yakibaki kule kilikotoka, nasi tukakipokea kana kwamba porini ni porini tu.

Tuanze na ardhi tuliyo nayo kwa wingi. Njia nyingi zinazokimbiwa katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni za udongo mwekundu wenye chuma, ule unaochimbwa na kumwagwa barabarani kwa jina la murram. Kiangazi udongo huo hushikamana na kukazana hadi kukaribia ugumu wa sakafu, na juu yake hubaki vumbi na vikokoto vinavyoviringika chini ya mguu. Hapo jino refu halina pa kuzama. Uzito wote wa mwili unabebwa na ncha chache za raba badala ya soli nzima. Ncha hizo hupinda kila unapokata kona, mguu unayumba, na baada ya miezi michache zimekwisha kulika huku sehemu nyingine ya kiatu ikiwa bado mpya. Kinachosaidia kwenye vikokoto ni meno mafupi, ya milimita 2 hadi 3 na nusu, mengi, yaliyotandazwa soli nzima ili raba nyingi iguse chini. Wakimbiaji wa Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwenye barabara za namna hiyo, na wengi wao huvaa viatu vya kawaida vya barabarani. Mbio za Lewa nchini Kenya, zinazofanyika ndani ya hifadhi ya wanyama ya jina hilo tangu mwaka 2000, nazo hupita kwenye barabara za vumbi mwishoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha. Anayekwenda huko na meno ya milimita 8 ameibeba Uingereza mguuni bila sababu. Dereva wa lori la kwenda Mwanza hafungi matairi ya trekta eti kwa kuwa mahali fulani njiani huenda kukawa na tope.

Nchi hizi, hata hivyo, hazina udongo mmoja, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapovunjika. Nyanda za Athi upande wa kusini-mashariki mwa Nairobi, uwanda wa Mwea, na mabonde mengi ya Tanzania yana udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa na mvua ikinyesha hunyonya maji, huvimba na kuwa kinamo. Watu hudhani dawa yake ni meno marefu zaidi. Urefu pekee hausaidii kama meno yamebanana, kwa sababu tope hujaa kati ya jino na jino, likashika, likavuta jingine, na muda si mrefu soli huwezi kuiona tena. Cha kutazama ni nafasi: meno machache yaliyoachana, yenye kuta zilizolala kidogo, ili tope lidondoke unaponyanyua mguu. Jambo hili si dogo. Vipimo vya maabara vilivyorudiwa tangu miaka ya 1980 vinaonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu hupandisha nishati anayotumia mkimbiaji kwa takriban asilimia 1. Tope lililoganda halina shida kufikisha gramu 300 au 400, kwa hiyo mtu aliyelipa ziada ili apate kiatu chepesi anaweza kuipoteza faida yote kabla ya kumaliza kilomita moja. Na kusema kweli, udongo huo ukilowa sawasawa hakuna soli inayoushinda. Siku hiyo tafuta njia nyingine, maana hata njia yenyewe inaharibika kwa kukanyagwa.

Milima yenye misitu ni habari tofauti. Uluguru, Usambara, Aberdare na miteremko ya chini ya Kilimanjaro ina udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza, mizizi iliyochomoza, na tope lisilo zito kama lile la mbugani. Hapa meno ya milimita 5 au 6 yanapata kazi yake, kwa kuwa udongo ni laini na jino linazama. Nikimwona mtu wa Lushoto au Morogoro akinunua soli ya namna hiyo, sina neno. Rwenzori imepita hata kiwango hicho: kwenye vinamasi vyake wapagazi na wageni huvaa mabuti ya mpira, na mwenye viatu vya bei kubwa huishia kuazima.

Sehemu inayowaangusha watu wengi zaidi si tope bali ni jiwe lililolowa, na hapo kuhesabu meno hakusaidii kitu. Historia ya soli yenyewe inalieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita mlimani katika Alps baada ya hali ya hewa kuwageuka, wakiwa wamevaa viatu visivyofaa kwa mwamba wenye barafu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1937, alitoa soli ya raba yenye meno, na kampuni ya Vibram iliyotokana na jina lake ndiyo iliyoweka soli kwenye viatu vya Waitaliano waliofika kileleni K2 mwaka 1954. Wanunuzi wa leo wamekumbuka nusu ya somo hilo, yaani meno, wakasahau raba. Juu ya mwamba uliolowa kinachoshika ni ulaini wa raba na ukubwa wa eneo linalogusa jiwe. Meno marefu hupunguza eneo hilo, na raba ngumu huteleza hata ikiwa na meno ya simba. Kipimo cha haraka dukani ni ukucha: kandamiza jino la soli, na kama ukucha hauachi alama yoyote, usikitegemee kiatu hicho kwenye mawe ya mtoni. Kuna gharama yake, bila shaka. Raba laini hulika upesi kwenye murram, na kampuni haziwezi kukupa ulaini na maisha marefu kwa pamoja. Unachagua kimoja, na cha kukuongoza ni njia yako.

Halafu kuna ardhi ambazo maelezo ya kwenye boksi hayazitaji kabisa. Mbuga zenye migunga zimetapakaa miiba mirefu, migumu, inayopenya sponji kana kwamba haipo, na kadiri sponji linavyokuwa nene na laini ndivyo watu wanavyojidanganya kuwa wamekingwa. Vilima vya Chyulu na eneo la Shetani katika Tsavo Magharibi vina mawe ya volkano yenye makali. Pwani, kuanzia Kilifi hadi kusini mwa Unguja, mguu hukutana na jiwe la matumbawe la kale, lililojaa mashimo na ncha. Katika maeneo haya cha kutafuta ni bamba jembamba linalowekwa kati ya soli na sponji, pamoja na raba iliyofunika soli yote bila kuacha madirisha ya sponji wazi. Bamba hilo halionekani kwa nje; kikunje kiatu katikati na ubonyeze chini ya vidole kwa gumba, utalihisi. Mchunga ng'ombe anayevaa akala au katambuga za tairi anaijua siri hii tangu zamani: kwake kinga ya mwiba imetangulia starehe, ingawa juu ya jiwe lililolowa tairi hilo halimsaidii.

Kuhusu kinga ya maji sina haja ya kusema mengi. Utando wa kuzuia maji unafaa kwenye baridi na theluji nyepesi. Katika masika, maji huingia kwa juu, kwenye kifundo, na yakishaingia utando huohuo huyazuia kutoka, ukabaki unakimbia na kisima mguuni. Kwa joto letu jasho pekee linatosha kulowesha soksi. Kitambaa chepesi chenye matundu, kinachomwaga maji na kukauka ukiwa unakimbia, ni bora na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa bei.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana zipo na baadhi zina nguvu. La kwanza ni lile la kizalendo: Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, na mwaka 2022 huko Chiang Mai, Thailand, Rebecca Cheptegei wa Uganda alitwaa dhahabu ya dunia ya mbio za milimani za kupanda na kushuka huku Patrick Kipngeno wa Kenya akishinda ile ya kupanda tu, basi kiatu kina nini? Wapo pia wanaonukuu utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wakimbiaji wa Kalenjin, ukaonyesha kuwa waliozoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo na kupunguza mshindo. Utafiti ule ni wa kweli, lakini haukusimama peke yake. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba katika mwendo wa kawaida wengi wao hutua kwa kisigino, na wakiongeza kasi hubadilika. Yaani hata mguu mtupu hauna sheria moja. Hujirekebisha kulingana na kasi na mahali. Biashara ilipojaribu kuigeuza peku kuwa tiba ya kila mguu, ilikwama: mwaka 2014 Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 nchini Marekani kumaliza kesi ya wateja waliosema madai ya kiafya ya viatu vyake vya vidole hayakuwa na ushahidi. Na Bikila aliporudi Olimpiki Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena kwa muda bora zaidi. Alikimbia juu ya barabara ya mji mara zote mbili. Ushindi wake hauthibitishi lolote kuhusu mteremko wa mawe ya Chyulu, na ushindi wa Cheptegei unathibitisha kipaji na kazi yake, usipunguze hata kidogo haja ya mkimbiaji wa kawaida kutazama anapokanyaga.

Pingamizi la pili ni la mfuko, na hilo naliheshimu zaidi. Kiatu kipya cha njia za porini kinaweza kumeza mshahara wa mwezi wa watu wengi, hivyo wengi hununua mitumba kwenye masoko ya Gikomba, Toi au Karume. Mtu husema: mimi nachukua ninachokikuta, haya ya udongo ni anasa. Nadhani ni kinyume chake. Mwenye fedha akikosea anaweza kununua kingine. Asiye nazo ndiye anayepaswa kujua anachokitafuta kabla ya kuanza kufukua rundo. Na mtumba una faida moja ambayo duka halina: soli iliyotumika inaonyesha wazi jinsi raba inavyolika. Meno yaliyosagika upande mmoja tu yanakuambia kiatu kimeshapinda na kitakupinda nawe. Sponji likibonyezwa lisirudi, au likiwa na mikunjo mingi ubavuni, limekufa, hata kama ngozi ya juu inang'aa. Sponji huzeeka hata kiatu kikikaa ghalani bila kuvaliwa. Kwa mkimbiaji wa murram kuna habari njema zaidi: kiatu cha barabarani chenye soli nzima iliyofunikwa raba kinamtosha kabisa, na hicho kimejaa kwenye mitumba kuliko viatu vya mlimani. Asiende kutafuta meno ya mbwa mwitu kwa bei ya juu wakati njia yake haiyahitaji.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watengenezaji wenyewe, nao hulijibu kwa kiatu cha katikati: meno ya milimita 4, raba ya wastani, sponji la wastani, kifae kila mahali. Kama una uwezo wa jozi moja tu, hicho si chaguo baya, na siwezi kumcheka anayekinunua. Ila wastani huo ulipigwa hesabu kwa ardhi ya wengine. Fikiria Kilimanjaro: msitu wenye tope na mizizi, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe na majivu ya volkano hadi mita 5,895. Mswisi-Mwekwado Karl Egloff alipanda na kushuka mlima huo mwaka 2014 kwa muda chini ya saa 7, akivunja rekodi ya Mhispania Kilian Jornet ya mwaka 2010, na kiatu cha mtu anayeshuka kwa kasi ile juu ya kifusi hakina sababu ya kufanana na cha anayezunguka mashamba ya Moshi kila alfajiri. Kanuni ninayoipendekeza ina sehemu mbili. Kwa mazoezi ya kila wiki, nunua kwa kufuata ardhi unayoikanyaga zaidi. Kwa safari au mbio yenye mahali ambapo kuanguka ni kuumia vibaya, nunua kwa kufuata mahali hapo, hata kama ni kilomita 2 kati ya 40. Mwenye uwezo wa jozi mbili zisizofanana asione anafanya ufahari. Utafiti uliofanywa Luxembourg kwa wakimbiaji 264 kwa wiki 22 ulikuta kuwa waliobadilisha viatu walikuwa na hatari ndogo ya kuumia, kwa takriban asilimia 39, kuliko waliong'ang'ania jozi moja. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, na huenda wenye jozi nyingi wana uzoefu zaidi pia, ila matokeo yake yanaendana na akili ya kawaida: mguu usiobebeshwa mzigo uleule kila siku hupata nafuu.

Bado kuna kitu ambacho ardhi haiwezi kuamua, nacho ni mguu wako mwenyewe. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyetumia miongo kadhaa kuchunguza viatu na majeraha, alihitimisha mwaka 2015 kwamba wazo la kuainisha miguu na kuipangia aina ya kiatu lina ushahidi mdogo kuliko tulivyoaminishwa, na kwamba starehe anayoihisi mvaaji ni mwongozo unaoaminika zaidi. Mimi naongeza tahadhari moja tu kwa watu wa milimani: starehe ya dukani, juu ya vigae, si starehe ya mteremko. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, uvae soksi utakazokimbilia, uache nafasi ya upana wa gumba mbele ya vidole. Kucha nyeusi baada ya kushuka Ngong au Meru mara nyingi ni kosa la nusu saizi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaoandaa mbio hizi, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kubadili mambo haraka kuliko viwanda vya Ulaya. Tangazo la mbio hutuambia ada, umbali, rangi ya fulana na jina la mdhamini. Liongezeni mstari mmoja: kilomita ngapi za murram, ngapi za mawe, ngapi za udongo mweusi wa mfinyanzi, na hali yake ikoje mvua ikinyesha wiki ya mbio. Nanyi wenye maduka, bandikeni urefu wa meno kwa milimita kando ya bei, na mwacheni mteja akigeuze kiatu aitazame soli kabla hajaulizwa rangi.